Kwa Foi, Mgombea Asiyekula Samaki

Mpendwa Foi,

Tangu uondoke hakuna anayenikosoa chumvi. Baba hula akanyamaza, jirani yetu Mwana Zena hula akasifu, na wageni wetu wa orofani wana adabu mno, hawawezi kumwambia mwenye nyumba kwamba dengu zake zimepooza. Ni wewe tu uliyekuwa ukionja kwa ncha ya ulimi na kuniuliza, "Hansa, hii umeipika au umeipigia simu?" Nikacheka, nikarudi jikoni.

Nakuandikia barua ya wazi ili na wengine waisome, maana mjini hapa kuna watu ambao hadi leo wadhani Foi ni jina lako. Kwa Kigujarati foi ni shangazi, dada yake baba. Lakini nilivyokuwa nikikuita mtaani tangu udogo wangu, watoto wote wa Langoni wakakuita hivyo hivyo, na mama zao, kwa heshima, wakakuita Bi Kusumu. Kusum ikaongezewa u mwishoni ili ikae vizuri mdomoni. Hukulalamika hata siku moja. Ulisema jina ni kama mchele, kila nyumba huupika itakavyo.

Nataka nikukumbushe mwaka ule wa uchaguzi. Najua hukuusahau, lakini mimi nimeanza kusahau vipande vipande, na sitaki.

Haukuanza na siasa. Ulianza adhuhuri moja ya jua kali, ulipofungua mlango kutoa sinia la kachori zako za kuuza, ukamkuta mwanamke amekaa kwenye baraza yetu, mimba imemfika ukingoni, kikapu miguuni, uso umemwiva kwa joto. Alikuwa ametoka Kiwayu na mumewe kwa boti tangu alfajiri. Hospitalini walimpima, wakamwambia yu salama, lakini siku zake bado. Hapa Amu hawakuwa na jamaa. Mume alikuwa amezunguka kutafuta pa kulala, asipate, na kurudi Kiwayu kwa hali ile ilikuwa ni kumwomba mtoto azaliwe majini.

"Ingia, mwanangu," ulimwambia. "Baraza ni ya wanaume wasio na kazi."

Alikaa kwetu siku tisa. Ulimlaza kitandani kwako, wewe ukalala kwenye mkeka, na Baba akajifanya haoni. Kila mchana ulimpikia khichdi, ambayo huku jirani zetu waiita mseto, mchele na pojo vilivyopikwa pamoja hata vikalainika, na samli juu yake. Siku ya kumi akajifungua mtoto wa kike hospitalini, salama salimini. Mumewe, kwa furaha, akaja kutushukuru na kolekole mkubwa aliyemvua mwenyewe. Akamtia Baba mikononi, pale pale mlangoni, katika nyumba ya Wahindu ambamo haijawahi kupikwa hata dagaa mmoja. Wakumbuka Baba alivyomshika yule samaki? Kama mtu aliyeachiwa mtoto asiyemjua, na mwenyewe kaenda zake. Akawa akisema "asante, asante sana" huku akirudi nyuma, mpaka Mwana Zena, jirani yetu wa mlango wa pili, akapita na kumwokoa. Tuliteka siku ile, kama wasemavyo watu wa Amu, tukateka hata mbavu zikauma.

Lakini wewe hukuishia kwenye kicheko. "Huyu ametukuta sisi," ulisema. "Na wale wasiokuta mlango?" Ukaandika barua ofisi moja, ukaandika nyingine, ukiomba chumba kimoja tu hapa Amu cha wajawazito wa visiwa vya mbali kungojea siku zao. Ukajibiwa kwa heshima kwamba ombi lako limepokewa. Mwaka mzima likawa limepokewa.

Ndipo siku moja, chakula cha mchana, ulipoweka kijiko chini na kumwita Baba kwa lile neno lenu la kaka.

"Bhai, nimechukua fomu."

Baba alidhani fomu ya pasipoti. "Wenda wapi?"

"Siendi popote. Nagombea. Mwakilishi wa wanawake wa kaunti. Mgombea huru."

Sijawahi kuona chapati ikikaa mkononi mwa mtu muda mrefu vile. Baba hakuwa mwoga bure, Foi, wewe wajua kunishinda. Babu, baba yenu, alimlea na somo moja, kwamba sisi ni wachache, na wachache hutembea kando ya ukuta. Kila uchaguzi Baba alifunga duka lake la rangi na misumari siku tatu, akawaamkia watu wa vyama vyote kwa tabasamu lile lile, na kura yake hata mama yangu, Mungu amrehemu, hakupata kuijua.

"Kusum," alisema taratibu, "Muhindi akiwa dukani hupendwa. Akipanda jukwaani, huulizwa kwao ni wapi."

"Na waniulize," ulijibu. "Huu mwaka wa sitini na tatu nangoja mtu aniulize."

Mgombea huru hujichagulia alama. Wenzako walichagua taa, mwavuli, nanga. Wewe ukachagua mwiko, ule mwiko wa mti wa kusongea na kupakulia. Mwana Zena, ambaye alikuwa ameshajiteua meneja wa kampeni bila kuombwa, alishika kichwa.

"Bi Kusumu! Mwiko? Si watasema kukuchagua ni mwiko?"

Na ndivyo walivyosema. Haikwisha wiki, vijana wa upande wa mwavuli wakapita chini ya dirisha letu na kipaza sauti. Mmoja anauliza, "Kumchagua Bi Kusumu ni nini?" na wenzake wanajibu, "Mwiko!" Mimi nilikwenda kujificha stoo. Wewe ulifungua dirisha, ukatoa kichwa na mwiko wenyewe mkononi, unadondosha mchuzi.

"Nyinyi msio na mwiko mtakula vipi? Kwa kuchungulia sufuria?"

Wale vijana walicheka kuliko mtu yeyote. Mmoja akauliza kama kuna kachori. Ukawateremshia sinia, na kipaza sauti kikaenda kuzimwa mtaa wa pili.

Kisha ukaja mkutano wa wagombea wote, pale uwanjani mbele ya ngome. Nilikuwa nimekukunjia karatasi yenye hotuba, umeiacha nyumbani makusudi. Yule wa mwavuli, mwanamke hodari, nasema bila husuda, alizungumza vizuri juu ya maji na shule, kisha akakugeukia. Akasema Bi Kusumu ni jirani mwema, hana ubaya na mtu, lakini mambo ya nyumbani huachiwa wenye nyumba, na Bi Kusumu, tusidanganyane, kwao ni Bara Hindi.

Nilimtazama Baba, aliyekuja akasimama nyuma kabisa, karibu na ndia ya kukimbilia. Ile ndiyo siku aliyoihofia maisha yake yote, na sasa imefika.

Wewe ulipokea kipaza sauti kama mtu anayepokea kikombe cha kahawa.

"Dada yangu," ulisema, kwa Kiamu kile chako kilichonyooka, "nyumbani kwako yeo wamepika nini?"

Akastaajabu. "Biriani," akasema.

"Asubuhi mulikula nini?"

"Chapati na... na chai."

"Chai ya iliki?"

"Ya iliki."

"Basi kitovu changu kimezikwa hapo Langoni, na wazee wako wangekuwa hai wangekuonyesha shimo. Lakini kama wataka kujua kwetu ni wapi kwingine, kwetu ni tumboni mwako."

Sikusikia tena kitu. Watu walipiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele, na yule wa mwavuli mwenyewe alifunika uso kwa mtandio, mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Nilipogeuka kumtafuta Baba, alikuwa amesogea mbele safu tatu.

Ningependa kusema kwamba tangu siku ile mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Wiki ya pili ikaanza kuzunguka sauti moja ya wasapu, ya mtu asiyejitaja, ikisema: muulizeni Bi Kusumu kwa nini hali kwenu. Anataka kura za wavuvi na samaki wao anawaona uchafu. Hilo liliingia mahali ambapo maneno ya Bara Hindi hayakufika. Bara Hindi ni mbali, lakini sinia la mtu ni uso wake. Wanawake waliokuwa wakituita barazani wakaanza kuitikia salamu kwa ufupi. Shela tulikwenda nyumba nne, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyetukaribisha hata maji.

Mwana Zena alikwambia waziwazi. "Siasa ni kula, Bi Kusumu. Kesho twaenda Ndau. Watatupikia. Ukikataa, turudi tu na boti ile ile."

Mimi nikasema, na leo naona haya kuliandika, "Onja kidogo tu, Foi. Ukucha mmoja. Mungu ataelewa."

"Mungu ataelewa," ulisema. "Mimi sitaelewa."

Ndau walitupokea vizuri mno, na hapo ndipo hofu yangu ilipozidi. Nyumba ilikuwa ya Bi Mwanaisha, mama wa makamo mwenye sauti ya kuamrisha, ambaye wanawake wa pale humsikiliza kuliko mtu yeyote aliyepata kuchaguliwa. Walikuwa wametandika mikeka uani. Sinia likawekwa mbele yako wewe kwanza: wali wa nazi, na juu yake changu wa kupaka, amechomwa akapakwa tui na ndimu hadi anang'aa. Harufu yake, Foi, hata mimi nisiyekula ilinitoa mate. Hakuna mwanamke aliyeosha mikono. Wote walikuwa wanakutazama wewe, na mmoja alikuwa ameinua simu yake.

Uliweka mkono kifuani.

"Bi Mwanaisha, umenipa heshima, na mimi sitakulipa heshima kwa uongo. Sili samaki. Sili nyama. Tangu nizaliwe sijala, wala mama yangu, wala mama yake. Si kinyaa. Ni dini yetu, kama nyinyi mulivyo na vyenu musivyokula. Nikila leo kwa ajili ya kura, kesho nitawadanganya kwa jambo jingine."

Bi Mwanaisha alikutazama kama mtu anayekadiria uzito wa kitu sokoni.

"Hata mchuzi wake?"

"Hata mchuzi wake."

"Maskini," akasema, kwa huruma ya kweli kabisa. "Basi waishi kwa nini?"

"Kwa mbaazi."

"Mbaazi za nazi?"

"Za nazi."

"Nani alikufundisha kuzipika?"

"Mama yangu. Na wewe alikufundisha nani?"

"Mama yangu aliipika mbaazi," alisema Bi Mwanaisha, akijiinua, "mpaka watu wa Faza walikuja kuomba. Ninazo jikoni, nimezichemsha za kesho asubuhi. Inuka."

Mkainuka wote wawili, mkaingia jikoni kama wanaokwenda kupigana, na wanawake wote wakawafuata, sinia likabaki kwa Mwana Zena, ambaye alisema ni dhambi kuacha changu apoe.

Yaliyotokea jikoni mle ndiyo kampeni pekee ninayoijua mimi. Bi Mwanaisha alikuna nazi, akakamua tui la kwanza na la pili, akasema mbaazi haihitaji kitu zaidi ya hapo ila chumvi na kitunguu. Wewe ukafungua kitambaa chako cha viungo, ulichokuwa ukitembea nacho kama mwanamke mwingine anavyotembea na tasbihi. Ukatia mafuta kwenye kikaango, ukamwaga haradali, na zilipoanza kuruka na kupasuka, wanawake wakarudi nyuma wakipiga kelele, na mmoja akaenda kusimama mlangoni kabisa.

"Hii ni mbaazi au ni baruti?" aliuliza Bi Mwanaisha.

"Ngoja harufu," ulimwambia.

Ikaja bizari, ikaja majani ya mchuzi, ikaja tangawizi ambayo Bi Mwanaisha aliipinga hadi mwisho. Na wakati sufuria mbili zikichemka ubavu kwa ubavu, za kwake nyeupe na zako manjano, wewe ukauliza swali moja tu. Uliuliza kila mmoja amezalia wapi.

Hawakuacha kuchambua mboga wala kukuna nazi, walijibu huku mikono ikienda. Huyu alizalia kwa mama yake. Huyu alizalia Amu, kwa sababu alikuwa na shangazi wa kumfadhili. Yule wa mlangoni, aliyeogopa haradali, akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya sukari, kwamba yeye alizalia botini, katikati ya safari, mamake mkwe amemshikia kanga kumsitiri na nahodha amegeuza uso. Mtoto aliishi siku mbili. Bi Mwanaisha alikwenda akamtia mkono begani, akamrudisha kwenye jiko. Ndipo wewe ukawaambia habari za yule wa barazani kwetu, na chumba unachokitaka. Hukusema "nichagueni". Nilikusikiliza makusudi, hukusema.

Tukala. Wakaonja sufuria zote mbili, wakabishana, na wengi kwa uaminifu wa kisiwa wakasema ya Bi Mwanaisha ndiyo yenyewe. Lakini ya kwako ndiyo iliyokwisha kwanza. Bi Mwanaisha alikwangua chini ya sufuria yako kwa kipande cha hamri, akatafuna, akamgeukia yule mwenye simu.

"Sasa rikodi," akamwambia. "Mimi Mwanaisha wa Ndau nasema, huyu Bi Kusumu amekula kwangu hata akashiba. Na mtu mwenye neno aje aniambie mimi."

Sauti hiyo nayo ikazunguka visiwani, na siku tuliporudi Shela tulipewa maji, na juisi ya ukwaju juu yake.

Matokeo tuliyasikia kwenye redio, mchana, wewe ukikaanga bhajia. Ndau ulikuwa wa kwanza. Kiwayu ulikuwa wa kwanza. Kwingine kote mwavuli ulikuwa wa kwanza, na kwa mbali. Mwana Zena alilia. Mimi nililia. Wewe ulisikiliza hadi mwisho, ukasema, "Nimeshindwa. Hansa, geuza bhajia, zinaungua."

Baba akaingia kutoka dukani. Nilidhani atasema lile neno la watu wanaosema nilikwambia. Alisimama kwenye mlango wa jikoni na kofia mkononi.

"Nilikupigia kura," akasema. "Na niliwaambia watu dukani wakupigie. Kwa sauti." Kisha akaongeza, kama mtoto aliyeruka ukuta, "Hakuna aliyenifanya kitu."

Uliangua kicheko hapo, Foi, na nadhani ndipo ulipotokwa na machozi, ingawa ulisingizia kitunguu na kitunguu hakikuwepo.

Kesho yake nilishuka nikakukuta umefunga kanga kiunoni, unateremsha magunia matupu na masanduku ya babu kutoka orofa ya juu, ile ambayo kwa miaka hatukuiwekea kitu ila vumbi na popo. Nikakuuliza wafanya nini. Hata hukusimama.

"Nilitaka kiti ili nipate chumba," ulisema. "Kiti nimekosa. Chumba ninacho."

Baba aligomba siku moja nzima. Wageni, kelele, maji hayatoshi, jirani watasema nini. Siku ya pili akaleta rangi kutoka dukani, akapaka kuta mwenyewe, kijani cha kuumiza macho, kwa sababu ndiyo rangi iliyokuwa haimtoki dukani. Bi Mwanaisha akaleta mikeka kutoka Ndau. Na wiki ya tatu, bila tangazo, akaja yule wa mwavuli, sasa mheshimiwa, na vitanda sita kwenye mkokoteni wa punda. Alisimama barazani hajui aanzie wapi.

"Bi Kusumu," alisema, "nimekuja nyumbani."

"Ingia," ulimwambia. "Yeo kuna biriani. Haina nyama, lakini utaisamehe."

Hivyo ndivyo nyumba yetu ilivyokuwa nyumba ya kungojea. Wametoka Kiwayu, Ndau, Faza, Kizingitini, wamekaa kule juu wakisukana na kusimuliana, wameteremka ngazi zile mmoja mmoja kwenda kuzaa, wengi wakapita tena kutuonyesha walichobeba. Na wewe, mwanamke uliyekataa changu mbele ya kisiwa kizima, ulimpa Mwana Zena ua wetu wote aweke jiko la samaki. "Nyumba ni yangu," ulisema, "lakini matumbo ni yao." Ukachora mstari kwa chaki kati ya jiko lako na uani, na mimi sijui mpaka mwengine duniani uliovukwa kwa salamu nyingi kiasi kile.

Ulipougua hukutusumbua muda mrefu. Tulikupeleka Mombasa, tukakuaga kwa moto kama dini yetu itakavyo, mimi na Baba na jamaa wachache. Tuliporudi Amu, Foi, nyumba ilikuwa imejaa hadi ngazini. Jirani zetu Waislamu hawakujua wasome nini kwa ajili yako, basi walikaa tu nasi, wakatupikia. Siku kumi na tatu za matanga yetu, Mwana Zena alipiga marufuku samaki uani. Wajawazito walinung'unika, mmoja akaomba japo kipande cha papa mkavu, akaambiwa na Mwana Zena, "Ngoja. Mwenye nyumba anasafiri." Nilisikia nikiwa ngazini, nikakaa chini nikacheka na kulia kwa pamoja, kwa mara ya kwanza tangu Mombasa.

Huu ni mwaka wa pili. Baba ana afya, anagombana na wanasiasa wote sasa, dukani, kwa sauti, na wateja wake wameongezeka. Jamaa zetu wa ng'ambo hupiga simu kuniuliza nitaondoka lini, kana kwamba nimekaa kituoni. Nawaambia nina watu wanane orofani na mbaazi jikoni. Upweke upo, sitakuficha. Hunijia saa ya chai, ninapoweka vikombe viwili kisha nikarudisha kimoja. Lakini haukai, maana kuna mtu atashuka ngazi kuuliza kama kumebaki achari.

Sasa nikupe habari yenyewe. Wiki iliyopita alikuja Bi Mwanaisha na wanawake wengine watano wa visiwani. Walikaa, wakanywa chai, wakasema kamati ya hospitali ina nafasi moja ya mtu wa kuwasemea wanawake wa visiwa, na wao wamekaa kitako wakanichagua mimi. Nikawaambia mimi ni mpishi. Nikawaambia mimi huona haya. Nikawaambia, mwisho kabisa, kwa yale maneno ya Babu, kwamba mimi ni Muhindi, watu watasema.

"Watasema nini?" aliuliza Bi Mwanaisha.

Nilitafuta jibu, Foi. Nilitafuta kwa dhati. Sikulipata. Nikakubali.

Jana mwenyekiti wa kamati akanipigia simu. Mtu mpole, sauti ya bashasha. Akanikaribisha, akaniambia kikao ni Jumatatu saa nne asubuhi na wajumbe wote watakuwepo. Kisha akacheka kidogo.

"Na Bi Hansa, twasikia mpishi ndiye anayekuja. Hutatuacha na ndaa, au sio? Zile kachori..."

Kinywa changu kilikuwa kimeshafunguka kusema inshallah, zitakuja. Maisha yangu yote mimi ni mtu wa kusema zitakuja. Lakini juu, orofani, kulikuwa na mtoto wa siku nne analia, na mamake anamwimbia, na nikajikuta nasema neno jingine.

"Bwana mwenyekiti, Jumatatu naja kusema. Maneno yangu ni mengi, mikono yangu itakuwa mitupu. Kachori mpike nyinyi."

Akakohoa.

"Basi," akasema, "nitamwambia mke wangu."

"La," nikamwambia. "Pika wewe."

Kaa kwa raha huko uliko, Foi, na usiwakosoe sana wapishi wao.

Wako daima,
Mtoto wa kaka yako,
Hansa